Foreman Hajui Yule Mzee wa Juu ni Baba Yangu

Niaje beste yangu! Wewe unayefungua hii page kabla hata ya habari za siasa, leo nisomee hadi chini tafadhali, na usicheke. Mhariri nimemwomba afiche jina langu. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na mbili, tunaishi Thika, kazi yangu ni ya mjengo, kujenga maghorofa huko Ruiru. Shule niliachia darasa la nane lakini kusoma nasoma, hata gazeti ya kufungia nyama siachi.

Baba yangu alikuwa kiwanda cha nguo hapo Thika. Mitumba ikajaa soko, kiwanda ikafungwa, akakaa nyumbani akiangalia ukuta. Mimi ndiye nilimwambia, "Baba, twende Ruiru, kuna ghorofa inapanda." Shida ni foreman wetu ana sheria yake: hachukui watu wawili wa nyumba moja. Anasema hapo kwa gate bila haya, "Hii jengo ikikula, isikule boma moja mara mbili." Watu hucheka. Mimi sikucheka, lakini kazi tulikuwa tunaitaka. Basi tukakubaliana, mimi natangulia, yeye anakuja nyuma na njia ingine. Kwa mjengo ananiita kijana, mimi namwita mzee. Hata lunch tunakula mbali mbali, na hiyo githeri, mahindi na maharagwe, imetoka sufuria moja ya mama!

Sasa mwezi uliopita mwenye ploti akaleta madam mmoja kutufunza mambo ya usalama. Wasee wenzangu wa mjengo walikuwa wanasinzia. Mimi, wacha! Niliuliza maswali mpaka akaniita mbele. Ngazi inasimamishwa aje, mbao ya kukanyaga inakaguliwa aje, kamba ya kiuno inafungwa wapi. Halafu akasema kitu ilinichoma: "Mtu mwenye kizunguzungu hapandi juu, hata kama ni fundi wa miaka mingi. Anabaki chini."

Niliangalia baba. Yeye akaangalia viatu vyake.

Kwa sababu baba ana kizunguzungu, beste. Nyumbani akiinuka haraka lazima ashike meza. Juzi alianguka kwa mlango wa choo, majirani wakasema amelewa, na baba hagusi pombe.

Madam kuenda tu, foreman akaniambia, "Wewe Inspekta, kwa vile unajua sana, kila asubuhi simama hapo kwa ngazi. Uliza kila mtu kama ako sawa. Mgonjwa asipande." Hiyo jina ikashika. "Inspekta, kuja upime hii chai yangu kama inaweza kuniangukia!" Nacheka nao. Halafu laini inasonga, baba anafika.

"Mzee, uko sawa?"

"Niko sawa, kijana."

Anapanda na karai ya simiti kwa bega. Katikati ya ngazi anasimama, amefunga macho. Wale wa nyuma wanampigia kelele, "Mzee, hapo si kanisa, songa!" Mimi nimeshika mguu wa ngazi hapo chini.

Jioni moja nikamwambia, "Baba, omba wakuweke chini kwa simiti."

"Chini kumejaa vijana. Mzee akikataa kupanda, kesho anabaki kwa gate."

"Basi mimi nitamwambia foreman unaumwa."

Akatikisa kichwa. "Atakuuliza umejuaje. Utamwambia unalala kwangu? Tufukuzwe wawili, na dada yako arudishwe kutoka shule? Wewe uliza swali yako, mimi nijibu. Hivyo tu."

Sikushindwa hapo. Asubuhi yake nilimwekea mkono kifuani, mbele ya watu wote. "Mzee, leo hapana. Naona macho yako." Haiya! Baba alicheka kwa sauti, ile kicheko sijawahi kumsikia nayo. "Huyu Inspekta amenichukia bure! Ama unataka kupatia beste yako nafasi yangu?" Wasee wakaanguka kwa kicheko. Foreman akasema, "Inspekta, kazi yako ni kuuliza, si kuchagua. Pita, mzee." Akapita. Karibu kabisa na mimi, mpaka nikasikia vile anahema.

Sasa wiki ijayo tunaanza ghorofa ya nne. Huko hakuna ukuta bado, ni mbao na upepo. Na najua hii barua itakaa kwa meza ya mhariri kabla itoke, na hiyo ghorofa haingojei gazeti. Saa hii ukisoma, baba ako juu. Ama sijui ako wapi, Ngai, Mungu wangu! Nikisema ukweli, nimeua kazi yetu wote wawili na baba hatanisamehe. Nikinyamaza, ni mimi nampitisha, mimi mwenyewe, mtoto wake, kila asubuhi. Silali. Mama ananiuliza nina nini, nasema ni vumbi ya simiti.

Beste, ungekuwa ni wewe umesimama hapo kwa ngazi, na umwone anakuja na karai yake, ungefanya nini?