Kona ya Humphrey

Humphrey alizikwa ugenini, Anoka, mwezi wa Januari, ardhi ikiwa ngumu kama chuma. Ilipofika Aprili, Elinaja alikuwa amesimama kwenye kona aliyoiacha marehemu.

Ni kona kweli, si maneno. Chama chao hugawa wajumbe kwa miguu: kila kundi huenda pembe yake ya ukumbi, kisha watu hujihesabu kwa sauti, mmoja baada ya mwingine. Kundi lisilofikisha kumi na wawili huvunjwa, watu wake wakajiunga na mengine. Katika nchi hii ya vyama viwili utadhani ugomvi ni na wale wa chama kingine tu. Uongo mtupu! Jumamosi ile, kwenye ukumbi wa michezo wa shule moja ya Oakdale, wakongwe wa chama walijazana mlangoni, wenye hasira wakajazana jukwaani, na hawakuwa wakisalimiana.

Humphrey, Mtanzania kama Elinaja, mpole mwenye kikohozi kisichoisha, ndiye aliyeanzisha kona ya wasiotaka kugawanyika. Aliishikilia miaka sita. Siku zake za mwisho alimshika Elinaja mkono: "Dada Eli, usiiache kona ife." Naye, huruma ikimzidi akili, akaapa.

Sasa mhesabuji alikuwa yeye. "Moja," akaanza. Mbili, tatu, hadi kwa Wambui, nesi Mkenya aliyekuwa wa mwisho, mgongo ukutani: "Kumi na moja."

Kikasikika kikohozi kidogo. "Kumi na mbili."

Hakuna aliyegeuka. Msimamizi aliandika kumi na mbili, akamsogezea Elinaja fomu atie saini. Aliinama akahesabu viatu: jozi kumi na moja. Baada ya Wambui palikuwa na sakafu tupu, imelowa maji ya theluji.

"Wambui, nani yuko hapo pembeni yako?"

"Si umeskia na masikio yako? Sign tu, siz, tusonge." Lakini mwenyewe alijisogeza mbali na nafasi ile.

Akisaini, kona inapona na kiapo chake kinatimia. Ila kwa kura ya marehemu? Ya Humphrey huyu, aliyekuwa akirudisha hata kalamu ya kuazima? Elinaja aliogopa, na papo hapo alitamani kukisikia tena kikohozi kile.

"Tuko kumi na moja," alisema.

Kona ikavunjwa. Sita walikwenda mlangoni, wanne jukwaani, bila kuagana. Elinaja alibaki palepale.

Pembe mbili zikaanza kujihesabu upya kwa pamoja. Mlangoni wa mwisho alitaja hamsini na nne. Kikafuata kikohozi kidogo, na hamsini na tano. Jukwaani wa mwisho alitaja hamsini na mbili. Kikohozi kilekile, dakika ileile, na hamsini na tatu.

Elinaja aliketi sakafuni akalia. Hata Humphrey walikuwa wamemgawa.