Kisu cha Pembe na Mafuta ya Kondoo

Kisu changu cha kwanza cha kukunja nilikinunua soko la Ruiru, kikiwa na mpini wa mti uliopasuka kidogo, nami nilikipenda sana mpaka siku nilipoonyeshwa kingine. Tangu hapo sikupumzika.

Nilikuwa mkata matawi katika shamba la kahawa. Kazi ilikuwa na mkasi wake, tukipewa asubuhi na kuurudisha jioni, kwa hiyo nisidanganye kwamba kisu kilikuwa cha kazi. Kilikuwa cha kupenda. Hali ya Hatari, ile waliyoitangaza wakoloni, ilikuwa imeanza kulegea. Kabla ya hapo, mtu wa kwetu kupatikana na askari getini, kisu mfukoni, ilikuwa kujitafutia mabaya, na labda ndiyo maana ruhusa ilipokuja niliingiwa na uroho. Ama hicho ni kisingizio. Nimesoma mpaka darasa la nne tu, na mambo ya ndani ya moyo wangu huwa siyaelewi vizuri hata nikiyaandika.

Cha mti nilikibadilisha kwa cha chuma, chenye bapa mbili, ndefu na fupi. Kwa muda nilijiona bwana. Halafu nikaanza kusikiliza. Kisu kizuri kikifungwa husema neno moja fupi: tak. Changu kilisema maneno mengi.

Kile chenye neno moja kilikuwa Thika, dukani kwa Mhindi mmoja, ndani ya sanduku la kioo pamoja na saa na tochi. Mpini wake ulikuwa wa pembe, rangi ya chai ambayo maziwa yake hayajakorogwa. Bei ilikuwa ya kumtisha mtu mwenye watoto wawili na nyumba inayovuja. Lakini Jumamosi baada ya kazi nilikuwa napanda baiskeli mpaka huko, nakishika, nakifungua, nakifunga, narudi.

"Wewe tena," mwenye duka alikuwa akisema. "Shika. Lakini nunua lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Mwezi gani?"

Hata hivyo hakuwahi kunifukuza. Hilo nalitaja kwa haki yake.

Kosa langu, kama ni kosa, lilikuwa kusema. Nilikuwa na mwenzangu wa rika moja, taniboi, msaidizi wa dereva wa lori la shamba, mtu wa kucheka sana. Yeye alikuwa hajali visu hata kidogo. Muwa alikuwa akiumenya kwa meno. Ni mimi niliyemfundisha kusikiliza ile sauti, na kuangalia kama ubapa unalala katikati ya mpini au unaegemea upande. Jioni moja akaja nilipokuwa nimeketi mlangoni, akasimama karibu na sikio langu.

"Sikiza," akasema.

Tak.

Sikugeuka. Nilikijua kabla ya kukiona.

"Haiya, wakini, husemi kitu?" Wakini ni mtu wa rika lako. "Si ni kile ulichokuwa ukiniimbia?"

"Ni kizuri," nikasema.

Nimejaribu mara nyingi kulipima jambo hili sawasawa. Hakuniibia, kwa maana hakikuwa changu. Hakujua nilivyokuwa nakiwaza, kwa maana sikumwambia yote. Alikuwa bado hajaoa, na safari za lori zilimwongezea kidogo. Alikuwa na haki yote ya kununua. Haya yote nilijiambia, na bado kila alipokitoa niliangalia pembeni. Lililoniumiza zaidi ni jinsi alivyokitumia. Alikata tumbaku nacho. Alisafishia kucha. Siku moja nilimwona amekaa kwenye gurudumu la lori, anakwangua tope la kiatu, kwa ubapa ule! Niliondoka nikaenda kusimama nyuma ya stoo ya mbolea mpaka nikatulia.

Sasa, katika rika letu mimi ndiye niliyekuwa mkata nyama. Si sifa kubwa, lakini ilikuwa yangu. Kwetu mbuzi wa shughuli hapondwi kwa panga. Mfupa hauvunjwi; unatafuta kiungo kwa ncha ya kisu, unakizungukia, kinaachia chenyewe. Tena kila sehemu ina mwenyewe: mbavu huenda huku, figo kwa wasichana, kichwa kwa wazee fulani. Ukikosea unaaibisha watu wako. Marehemu baba alinifundisha hayo, na mahali pengine popote sikuwa mtu wa kuitwa mbele.

Mwaka ule mmoja wetu alikuwa akioa, na siku ya kupeleka mbuzi kwa wakwe zake, upande wa Thika, ilipangwa mwezi wa saba. Akatukuta sisi wawili kwenye mfereji, akasema, huku akikwepa macho yangu:

"Ningependa wakwe waone kile kisu cha pembe."

"Kwa hivyo akate huyu?" nikauliza.

"Sijasema hivyo. Njooni nyote na visu vyenu. Tutaona siku hiyo."

Tutaona! Nilijua maana yake. Nikaenda nyumbani, nikakinoa kisu changu cha chuma hata kikanyoa nywele za mkono. Nikakisugua kwa majivu. Halafu nikachukua mafuta ya mkia wa kondoo, ambayo kwetu yalikuwa dawa ya kila kitu, ya ngozi, ya mikanda, ya magoti ya wazee, nikayayeyusha nikayamimina ndani ya mpini mpaka yakafurika. Kikawa kinafunguka kama maji. Na kikifungwa, nusura kiseme tak.

Mwenzangu alikuwa ameniambia kitu kuhusu mafuta. "Mhindi anasema utie ya cherehani tu, tone moja." Mimi niliona ananiringia na Mhindi wake.

Siku ya siku tuliamkia ukungu, na baridi ile ya mwezi wa saba inayoingia mpaka kwenye meno. Tulipanda lori, kisu kikiwa mfuko wa koti. Kwa wakwe nyama ilitolewa motoni na kulazwa kwenye majani ya migomba, wazee wakaketi, na mmoja wao akasema, "Vijana, kateni tule."

Niliinuka kwanza. Sikumwangalia mposaji wala mtu yeyote. Nikatoa kisu, nikatia ukucha, nikavuta.

Hakikufunguka.

Nikavuta tena, ukucha ukapinduka. Mafuta yalikuwa yameganda humo ndani kama mshumaa. Nikatumia meno.

"Huyu amekuja kula nyama ama kula kisu?" akauliza mama mmoja mlangoni, na boma lote likacheka. Wazee pia.

Ndipo niliposikia tak nyingine, ile ya kufungua, ambayo ni laini zaidi. Mwenzangu alikuwa amesimama juu ya nyama. Nikasema moyoni, imekwisha. Aliitazama ile nyama kwa muda. Kisha akanigeukia, akaninyooshea kisu, mpini mbele.

"Kata wewe. Mimi viungo sivijui."

Nilikata. Sijawahi kukata vile, kabla wala baadaye. Kile kisu kilienda chenyewe kwenye kiungo kama kinachorudi kwao, na bega likaachia bila sauti. Nilipomaliza, mzee aliyekuwa amesema tukate aliinama akakitazama.

"Kisu kizuri," akasema, akimwangalia mwenzangu.

Kilikuwa kizuri, siwezi kumlaumu mzee. Mwenzangu akakichukua, akakipangusa kwenye suruali. Kwenye suruali! Mimi nikaenda kwenye makaa, nikakipasha changu moto, na kikafunguka taratibu, mafuta yakidondoka kwenye majivu. Nyama ilikuwa imekwisha.

Kwenye lori, tukirudi, aliniinamia. "Wakini, hebu nionyeshe lile la bega. Unaingilia wapi?"

Alikuwa ameniokoa mbele ya watu. Nilimwonyesha, kwa kidole, kwenye bega lake mwenyewe, bila kumficha kitu.

"Na la paja?"

"Hilo ni gumu," nikamwambia, nikageuka nikatazama minofu ya ukungu juu ya makonge. "Hilo niachie mimi."