Mama Pua na Pipa la Kumi na Tisa

Saa nne kasoro robo asubuhi, ndani ya ghala refu lenye sakafu ya saruji, mwanamke wa miaka arobaini na minane anakunja mkono na kujinusa kiwiko. Ananusa mara ya pili, taratibu, macho kayafumba. Kisha anasogea mbele ya pipa la kumi na nane.

“Usinicheke,” anamwambia mwandishi wa makala haya, ambaye tayari ameshacheka. “Pua inachoka. Ngozi yako mwenyewe haikuambii kitu kipya, kwa hiyo ukiinusa unaanza upya.”

Kiwandani hapa jina lake halisi hulisikii. Wote wanamwita Mama Pua, kuanzia mlinzi wa getini hadi meneja. Kazi yake ni kuonja wiski. Naam, msomaji, kuna watu wanalipwa kwa kazi hiyo, na kabla hujauliza maombi yanapelekwa wapi, ujue kwamba kila anachoonja anakitema kwenye ndoo.

Wiski anayoionja leo imetengenezwa kwa kimea cha shayiri peke yake, hapahapa kiwandani. Ilikaa miaka tisa kwenye mapipa ya kawaida ya mwaloni, halafu ikahamishiwa kwenye mapipa yaliyowahi kubeba mvinyo mwekundu. Humo imemaliza miezi ishirini. Mvinyo ulionywewa na mbao huipa wiski wekundu na utamu wa matunda. Ikizidi kukaa, mvinyo unaimeza wiski yote.

Yapo mapipa thelathini na moja. Mama Pua ndiye wa kusema lipi lipite na lipi libaki. Yanayopita humiminwa pamoja kwenye tangi moja, na yakishachanganyika ndiyo basi tena.

“Mwaka jana nilivurunda,” anasema, wala hakuulizwa.

Mapipa ya mvinyo yakiwa matupu huchomewa salfa ndani ili yasiote ukungu. Pipa lisipooshwa sawasawa, wiski itakayoingia humo hutoka na harufu ya njiti ya kiberiti iliyotoka kuwashwa. Siku hiyo Mama Pua alionja mapipa ishirini na mawili mfululizo, bila kupumzika. Kufikia la ishirini pua ilikuwa imeshachoka, haikuishtukia salfa. Pipa moja likaharibu tangi zima, zaidi ya lita elfu nne.

“Haraka ya nini? Hakuna aliyenikimbiza. Ni kiburi tu, nilitaka waseme, ‘Eh, mama huyu ni moto!’” anasema. “Nililia chooni mpaka nikaishiwa machozi. Halafu nikanawa uso, nikaenda kumwambia meneja mwenyewe kabla hajaonja.”

Tangu siku hiyo, kwa miezi kumi na minne, mtaalamu wa kukodiwa amekuwa akionja nyuma yake, na bila saini yake hakuna pipa lililopita. Leo mtaalamu hayupo. Meneja ameamua kumrudishia mama huyu neno la mwisho, kwa sharti moja. Akikosea tena, anarudi kuosha mapipa.

Ndiko alikotoka. Aliosha mapipa miaka kumi na mmoja, mikono ikipasuka kwa maji ya moto. Alikuwa na tabia ya kumwambia msimamizi “hili bado halijatakata” kwa harufu tu, hata kabla ya kuchungulia ndani. Mwonjaji wa wakati ule alimsikia, akamwekea glasi tatu mezani kuijaribu pua yake, kisha akamfundisha kazi. Leo mshahara wa Mama Pua ni mara tatu ya ule wa kuosha.

Nyumbani haikuwa rahisi. Mama mkwe wake alipopata habari alimwita mwanawe pembeni: “Mwanangu, umeoa mlevi mwenye kitambulisho cha kazi!” Mume, fundi cherehani mwenye maneno mengi, anasimulia huku akijipigapiga magoti kwa kicheko. Yeye mzigo wake ni mwingine. “Miaka sita sijui manukato. Tulialikwa harusi, nikajipulizia kidogo tu, mwenzangu akahama kiti! Watu wakadhani tumegombana.”

Tunarudi ghalani. Mama Pua anaingiza mrija wa shaba kwenye pipa la kumi na tisa, anavuta, anamimina kwenye glasi yenye mdomo mwembamba. Ananusa. Anadondoshea maji, ananusa tena, anaonja, anatema. Anatoka nje, anakaa kwenye ngazi dakika kumi, anarudi na kurudia yote tangu mwanzo.

“Hili lina salfa,” anasema.

Meneja anaonja. Anaonja tena. “Mama, mbona mimi sisikii kitu? Wenye maduka wanakuja keshokutwa. Bila pipa hili, chupa nilizowaahidi hazitimii.”

“Basi waambie zimepungua, bosi.”

“Una uhakika?”

“Nisingekuwa na uhakika ningekuomba umwite yule mtaalamu. Nipangie glasi, mimi nitageuka.”

Meneja anapanga glasi tano, moja ikiwa ya pipa la kumi na tisa. Mama Pua anaitoa. Meneja anazichanganya upya, mama anaitoa tena. Mara ya tatu mama anazipitia zote, anarudia na kurudia, mpaka mwandishi anaanza kutokwa jasho kwa niaba yake. Kisha anaweka mikono kiunoni.

“Humu hamna. Bosi, unanichezea wewe!”

Kweli, meneja hakuiweka. Anacheka hadi anashika ukuta. Anachukua fomu yenye nafasi mbili za saini, anapiga mstari juu ya nafasi ya pili, ile ya mtaalamu, na kumpa mama kalamu. Mama anamaliza kwanza kuonja mapipa yaliyobaki, kisha anaandika: mapipa ishirini na sita yapite, manne yangoje, moja litolewe. Anatia saini kwa herufi kubwa, na hafichi furaha yake.

“Nilikuwa naogopa,” anakiri baadaye, akisuuza glasi. “Sikuogopa kukosea. Niliogopa kwamba nikiwa sahihi sitathubutu kusema.”

Mwezi ujao anaanza kuwafundisha wanawake wawili wa kuosha mapipa, saa moja kila asubuhi. Hatafuti wa kumkubalia. Anataka siku moja mmojawapo amkazie macho na kumwambia, “Mama, hili umelikosa,” na iwe kweli. Siku hiyo, anasema, atastaafu kwa raha zake.

Na kama aliyekosea ni huyo mwanafunzi?

“Atarudi kesho yake aonje,” anajibu. “Mimi nilirudi.”