Viatu vya Afande Yekosofati

Kwenye kiwanja kidogo cha ndege cha Jinja, mwaka 1996, hakuna aliyesafisha ndege kama Nuriat, mwanamke wa Namatala kule Mbale, mwembamba, mwenye ulimi usiojua kupumzika. Kazi alijifunza Entebbe. Alijua kwamba dirisha la ndege ni plastiki, ukilipangusa kwa kitambaa kikavu umelichubua. Alijua kuwabandua wadudu waliokaukia bawani bila kugusa rangi.

Asubuhi moja alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kusugua zulia la ndege ya viti vinane, magoti yanamwuma, alipofika abiria wa pekee. Alikuwa Afande Yekosofati, mwanajeshi mstaafu, siku hizi muuza simenti, lakini bado alipenda kupigiwa saluti. Alikuwa anakwenda Mbale kuwa mgeni wa heshima harusini. Njiani alikuwa amepitia kiwanja chake cha kujenga huko Wanyange, kando ya ziwa, na viatu vilibeba nusu ya matope ya ziwa.

"Afande, viatu," Nuriat akamzuia ngazini.

"Wewe mama, unajua mimi ni nani?"

"Najua sana, afande. Lakini hii ndege ni ndogo. Rubani amepima uzito wa kila kitu, na matope hakupima."

Lawrence, rubani, akageuza uso na kukohoa kikohozi kisichokuwa na mafua. Afande akaitazama ndege, akayatazama matope, akavua.

"Pangusa haraka!" akaamuru, akapanda na soksi zake.

Nuriat akaenda navyo bombani. Hakuharakisha hata kidogo. Lawrence, akidhani viatu vimesharudi ndani, akafunga mlango na kuwasha injini, na ngurumo yake ikaimeza sauti ya afande. Nuriat alisikia. Angeweza kukimbia, angeweza kupiga kelele. Badala yake aliinua mikono yote miwili, kiatu huku na kiatu huku, akaipungia ndege mpaka ikapaa.

Kicheko kilipomwisha, hofu ikamwingia. Akavipiga rangi viatu vile mara tatu, labda vikimeremeta vitamtetea.

Ndege ilirudi alasiri, na Lawrence akawahi kumnong'oneza yaliyotokea. Afande aliteremka Mbale mbele ya ngoma na wakwe, miguuni soksi tu, kidole gumba cha kulia kikichungulia nje. Ndipo nyanya yake bwana harusi akapiga kigelegele: "Mwoneni mkubwa huyu! Amevua viatu kwa heshima ya nyumba yetu!" Wakwe wakavua vyao papo hapo. Shughuli nzima ikaendeshwa pekupeku.

Afande akashuka ngazi polepole. Nuriat akamnyooshea viatu, macho chini.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "ile sheria ya matope, iliandikwa wapi?"

"Niliandika mimi, afande. Leo asubuhi."

Afande akamkazia macho. Halafu tumbo likaanza kumtikisika, akacheka mpaka akashika ukuta wa ndege.

"Basi shika zawadi. Wakwe walinipa, mimi sitaki kubeba mpaka nyumbani. Iko ndani."

Nuriat akapanda mbio kwa furaha. Kwenye kiti cha mbele alikuwa amekaa jogoo mwekundu, kamba imekatika, na kutoka Mbale hadi Jinja alikuwa ametembelea viti vyote vinane, na kila kimoja amekiachia salamu.

Nuriat akafunga kanga kiunoni, akateka ndoo ya maji, akaanza upya, akimtukana jogoo kwa Lumasaba, lugha ya kwao. Jioni hiyo alimla na watoto wake, na mfupa hata mmoja hakuwaachia mbwa.