Daftari la Mizinga la Baba

Enzi zetu mtu mbaya wa kwenye sinema tulimjua tangu anapotokeza kichwa. Alikuwa na masharubu, alicheka kwa kishindo, na hakuweza kunywa maji bila kumpiga mtu kofi kwanza. Gari la sinema likija kijijini kwetu Kwihara, walitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa shule, sisi watoto tukakaa mchangani mbele kabisa. Yule bwana akitokea tulipiga kelele, "Huyo! Huyo nyuma yako!" mpaka mwalimu wa zamu akatishia kutucharaza. Mwishoni alikamatwa, tukashangilia, tukarudi nyumbani kula michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga. Hakuna aliyelala akimwogopa jirani yake.

Siku hizi, jamani, mambo yamegeuzwa. Mtu mbaya wa hizi filamu za kusisimua ni mpole. Anaishi peke yake, hasemi na watu, hamtazami mtu usoni. Anapanga vifaa vyake kwa mstari, anaandika vitu kwenye daftari, na kinanda kinalia polepole kama mbu sikioni. Basi, wewe mtazamaji umeshaambiwa: muuaji ndiye huyo. Kosa lake nini? Kupenda kitu kimoja tu, kwa moyo wote. Nimeziangalia nyingi na wanangu, na kila mara natamani kuirushia televisheni kandambili, kwa sababu mtu wa namna hiyo hiyo ndiye aliyenilea.

Baba yangu, Mzee Maganga, alikuwa mrina asali. Wiki nzima nzima alikuwa porini, peke yake na mizinga yake ya magome aliyoitundika juu ya miti. Kabla ya safari hakutaka hata kusikia sabuni ya kunukia. Mama akijisahau akalifua shati lake kwa sabuni hiyo, shati lilirudishwa kwenye beseni. "Nyuki hawamtaki mtu anayejinadi," alikuwa akisema. Alipanga shoka, kamba, kisu na wavu wa kichwani juu ya mkeka, kila kitu mahali pake, na ole wake mtoto atakayepitisha mguu hapo. Akirudi alinuka moshi, na siku ya kwanza hakuongea. Ukimwamkia shikamoo anakuitikia marahaba, imetoka hiyo. "Mwacheni," Mama alituambia, "masikio yake bado yako porini." Kesho yake ndipo ulimi ulipofunguka. Alitusimulia kila mzinga na tabia zake, upi una hasira, upi umehamwa, na sisi tunatafuna masega mpaka nta inabaki mdomoni kama ubani. Kisha tulitoka kucheza kombolela vidole vikinata, na aliyejificha alijulikana alipo kwa nzi wanaomzunguka.

Alikuwa na daftari moja la shule, jalada lake limefunikwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Humo aliandika mizinga yake kwa majina, na majina yenyewe yalikuwa yetu. Kila mtu wa nyumbani alikuwa na mzinga aliotundikiwa wiki aliyozaliwa. Mama alitundikiwa wake wiki aliyoolewa. Pembeni ya jina Baba aliandika ni mti gani na uko wapi, kisha tarehe alizokwenda kuutazama. Mdogo wetu Masanja alikufa kwa surua akiwa na miaka miwili. Mzinga wake Baba hakuurina tena, lakini tarehe ziliendelea kuandikwa, mwaka hadi mwaka. Alikwenda, akakaa nusu siku akiwatazama wale nyuki, akarudi nyumbani bila kusema kitu. Mimi nilidhani baba wote ndivyo walivyo.

Sasa msikie haya. Deo, mtoto wa mdogo wangu Kabula, ni kijana wa miaka ishirini na mitatu. Yuko Tabora mjini, anatengeneza filamu kwa simu yeye na wenzake. Alikuja kwangu na adabu zote za dunia. "Shikamoo mama mkubwa. Nataka kutengeneza filamu ya babu." Nilifurahi mpaka nikachinja kuku. Baba ameshatangulia mbele za haki miaka mingi, na nani leo anamkumbuka mrina asali? Nikamsimulia yote: sabuni, mkeka, ule ukimya, mzinga wa Masanja. Nikamtolea koti, wavu, shoka na daftari, tena kwa mikono yangu hii hii.

Jumapili moja, baada ya ibada, akatuletea filamu Kwihara, nyumbani kwa Mama. Mama amepita miaka themanini na macho yake bado mazima. Deo akaweka kompyuta juu ya stuli, tukajikusanya. Tukaona pori letu. Tukaona mtu amevaa koti la Baba, wavu usoni, anapanga shoka na kisu juu ya mkeka. Nikatabasamu mpaka jino la nyuma likaonekana! Kisha kinanda kikaanza kulia polepole, na tabasamu likanikauka. Mtu yule alikuwa anaua wasichana. Sabuni aliikataa ili wasimsikie harufu akiwanyemelea. Alikaa kimya kwa sababu alikuwa anapanga nani afuate. Halafu daftari likaletwa karibu, mwandiko wa baba yangu mwenyewe, na mkono uliovaa glovu ukapiga mstari mwekundu juu ya jina la Mama. Ukapiga juu ya langu. Ukapiga juu ya la Masanja.

"Deo!" nikasema. "Huo mstari umeuchora kweli?"

"Ni filamu tu, mama mkubwa. Mtu mwenye daftari anatisha, watazamaji wanapenda."

"Nakuuliza hivi: daftari la baba yangu umelichora?"

Akainamisha kichwa. "Kopi haikutoka vizuri kwenye kamera."

Nilisema maneno ambayo siyaandiki hapa, maana wazee wa kanisa nao wanasoma. Hivi nani amewadanganya watengeneza filamu kwamba mtu mkimya ndiye wa kuogopwa? Nilipokuwa darasa la sita kulikuwa na mwanamume aliyeniwinda njiani nikitoka shule. Hakuwa mkimya hata kidogo! Alikuwa mcheshi, anajua majina yetu wote, anagawa pipi, kijiji kizima kinamsifu. Baba alimwona mara moja tu akinitazama. Hakumwambia mtu kitu. Msimu wa kurina ulikuwa umefika, na yeye, huyo anayeitwa mwendawazimu wa porini, aliacha mizinga yake yote akanisindikiza shuleni kwenda na kurudi mpaka muhula ukaisha. Mtu kama huyo mbona hawamtengenezei filamu?

Mama hakugomba. "Mume wangu," akasema, maana ndivyo anavyomwita mjukuu wake kwa utani, "lete hilo daftari. Nisomee majina, moja moja, na uniambie kila mmoja ni nani."

Deo akafungua. "Kalunde."

"Ni nani?"

"Ni wewe, bibi."

"Endelea."

"Nyamizi. Ni mama mkubwa. Kabula. Ni mama yangu." Akashusha kidole. "Masanja. Ni mjomba, yule aliyekufa mdogo." Akafika jina la mwisho, chini kabisa ya ukurasa, mahali ambapo mwandiko wa Baba ulishaanza kutetemeka. "Mihayo. Huyu simjui."

"Humjui, na umemchora."

"Nilidhani ni mtu wa zamani tu, bibi."

"Ni wewe," Mama akasema. "Mama yako alikupeleka mjini una miezi miwili, huko ndiko walikokuita Deo. Babu yako alikuita Mihayo. Magoti yalikuwa yameshamkatalia, tukamwambia asipande mti. Hakutusikia. Alikwenda peke yake, akakutundikia mzinga wako, akarudi anachechemea. Hakupanda tena."

Deo akalowesha kidole kwa mate, akaanza kuufuta ule mstari wa jina lake, anasugua, anasugua, machozi yanamdondoka. Mama akamwondoa mkono. "Acha, utalitoboa."

Filamu aliifuta siku ile ile, lakini ilikuwa imeshasambaa kwenye simu za watu. Mpaka leo kuna wanaotumiana na kutishana kwa koti la baba yangu, na wala hawajui ni la nani. Nikifikiria hilo damu inanichemka upya. Sisi wa zamani tulikua tunajua kwamba huko porini kuna mti wenye mzinga wetu, na kuna mtu anakwenda kuuangalia hata kama sisi hatumwoni. Vijana wa leo wanatazamwa na maelfu ya watu kwa siku moja, na hakuna hata mmoja kati yao anayeuliza kama umekula.

Juzi Deo amenipigia simu. Anataka kwenda porini kuutafuta mzinga wake, ananiuliza uko mti gani. Nikalifungua daftari nimsomee. Majina ya miti yote yanasomeka, na mistari yake myekundu imepita juu yetu sote. Ila kwake yeye, pale pembeni ya jina palipoandikwa mti, alipokuwa anasugua kwa mate, karatasi imetoboka. Nikamuuliza Mama kama anaukumbuka mti wenyewe. Akatikisa kichwa. Baba alikwenda peke yake, na hakumwambia mtu.