Buti za Baba Ndani ya Ndege

Leo nacheka, lakini siku ile pale kiwanja cha ndege, Jinja, ningeweza kujificha chini ya bawa nikae hapo hadi watu wetu wote warudi Mbale.

Ilikuwa siku yangu ya kurusha ndege peke yangu mara ya kwanza. Nilikuwa nimeshaahirishwa mara mbili, na mkufunzi alisema wazi kwamba nikishindwa tena nafasi yangu anapewa mwingine, nami (kwa kujiamini kusiko na adabu) nikaalika familia nzima kutoka kwetu Malukhu, Mbale. Baba, askari magereza mstaafu, akaja na buti zake, kazing'arisha mwenyewe.

"Vaa hii," akaniambia. "Askari hapana kwenda mtihani na raba."

Kwetu neno la Baba ni amri, basi nikazivaa ingawa zilinizidi namba mbili. Sasa, ndege ndogo ikiwa bado chini unaiongoza kwa miguu, pedali ya kushoto na ya kulia, na juu ya kila pedali kuna breki yake. Nikaongeza moto, ndege ikavuta kushoto kama kawaida yake, nikakanyaga kulia, lile buti pana likakanyaga na breki pamoja, mimi na ndege tukageuka ghafla, nikakanyaga kushoto, buti la pili likafanya vilevile, tukawa tunayumba kama mtu anayetoka baa kule mtaani Mafubira siku ya mshahara, mpaka nikakata moto tukasimama nyasini, karibu na uzio, ambako shangazi alikuwa ameshakimbia akaacha kiatu kimoja.

"Sasa hiyo ndege nakuja kula majani?" akauliza kutoka nyuma ya gari.

Fundi akakagua magurudumu na propela, akakuta vyote vizima. Mkufunzi akasema, "Leo basi." Nikamwambia hapana, bwana, kosa nimelijua, nikazivua buti mbele ya Baba, nikabaki na soksi yenye tundu, kidole gumba kikiuchungulia ukoo mzima.

Mkufunzi akatazama buti, akatazama kidole. "Mara moja tu. Vaa raba zako."

Safari hii ndege ilipovuta kushoto nikaigusa kulia kidogo tu, ikanyooka, ikaacha ardhi, Mto Naili ukawa chini yangu, mimi peke yangu, nikapiga vigelegele humo ndani hadi koo likauma. Sijawahi kufurahi vile.

Nilipotua, Baba alisimama wima akanipigia saluti. "Afande," akasema polepole, "mimi nakosa."

Mpaka leo amri zake natii zote, ila miguu yangu naivalisha mwenyewe.