Tulizing'oa kadi nzima za mtandao, mzee Evariste akaacha ufundi

Wakuu, habari za huko mliko.

Hii sijasimuliwa, nilikuwepo, na bado inaniuma. Anayetaka kubisha abishe, ila asome mpaka mwisho kwanza.

Nimekulia Mwanza, sasa niko Kigali, nafunga mitandao. Aliyenifundisha kazi ni mzee Evariste, Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura. Mpole kupita kiasi, lakini kwenye kazi hataki utani. Mtaji wake ulikuwa jina lake tu.

Tukapata kazi kwenye ghala moja Masoro, hapahapa Kigali. Tukafunga seva na kadi mpya za mtandao, mzee alizichagua mwenyewe. Wiki haijaisha, simu ikaita: system nzito, risiti hazitoki, madereva wa malori wanafoka.

Tukaenda. Jamaa wa IT wa pale, kasomea Kampala, anajiamini balaa, akanasa paketi, vile vifurushi vya data vinavyopita kwenye mtandao, kwenye seva ileile inayotuma. Skrini nzima imeandika checksum incorrect. Kila paketi inayotoka!

"Bosi, hizi kadi iko feki," akasema.

Kwa wasio wa fani, checksum ni hesabu ya kuhakiki kwamba data haijaharibika njiani. Ukiona imekosewa, unajua kadi mbovu. Mimi niliamini, na mzee akaamini.

Akavua kofia mbele ya watu, akaomba msamaha, akazing'oa kadi kwa mkono wake.

Hapa Kigali maneno yanatembea kimya kimya. Hakuna aliyemtukana, ila kazi zikakata. Hata chache zilizokuja akazikataa. "Siwezi kuwekea watu vitu vya uongo," akaniambia. Akafungua kiduka cha viazi Kagarama.

Na lile ghala liliendelea kusumbua na kadi nyingine, mpaka walipobadilisha swichi, kile kifaa kinachounganisha mashine zote. Hata hilo halikunishtua, jamani!

Majuzi niko nyumbani Kagugu, nanasa paketi kwenye mashine yangu isiyo na shida yoyote, naona maneno yaleyale. Nikanasa kwenye mashine inayopokea. Zote sahihi.

Kumbe ni offloading. Siku hizi kernel, kiini cha mfumo wa kompyuta, haihangaiki na hiyo hesabu, inaiachia kadi yenyewe. Sasa ukinasa kwenye mashine inayotuma, unaiona paketi kabla haijafika kwenye kadi. Ni kama kuonja mchuzi kabla ya chumvi, halafu unamfukuza mpishi.

Nikazima offloading kwa amri ya ethtool, yale maneno yakapotea.

Kesho yake nikabeba laptop na vifaa mpaka Kagarama. Nikamwonyesha pande zote mbili, juu ya magunia. Akaniambia rudia. Nikarudia.

"Kwa hiyo zilikuwa nzima?"

"Nzima, mzee wangu."

Akajifuta udongo mikononi. "Mimi nilishawaambia hadi watoto wangu kwamba niliuza feki."

Yooo! Nikamwomba arudi tufanye kazi. Akacheka kidogo, akaniuliza anipimie viazi kiasi gani.

Wakuu, ukinasa paketi, nasa na upande unaopokea kabla hujamhukumu mtu. Ghala nimewapigia, wamesema asante kwa taarifa, basi.

Nani hapa yameshamkuta haya? Na huyu mzee nimwambie nini ili arudi? Nisaidieni maneno, yangu yameisha.